Umeshahamia nyumba mpya, ya zamani haiuziki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi nilikaa na nyumba mbili miezi 11. Moja nalala, nyingine naenda kufagia kila jumamosi ili anayekuja kuiona asikute buibui. Tangu hapo kila ninayemjua akitaka kuhama ananipigia simu, na maswali yanajirudia yale yale, nikaona niyaandike yote sehemu moja. Kwenye hesabu nimetumia 100 kama bei ya nyumba, wewe weka ya kwako.

Mbona soko limelala hivi, kwani watu hawataki nyumba tena?

Wanataka sana tu, uwezo ndo umepungua. Wanunuzi wengi wanategemea mkopo wa benki, kwa hiyo ukitaka kujua soko linaendaje angalia riba. Chukua mkopo wa miaka 20: riba ikiwa 7% kwa mwaka, aliyekopa 100 anarejesha kama 0.78 kila mwezi. Riba ikipanda mpaka 10%, hiyo 0.78 yake inamtosha kukopa 80 tu. Mtu ni yule yule, mshahara ule ule, ila juzi alikuwa mnunuzi wa nyumba yako na leo si mnunuzi wako tena. Na wewe 80 hutaki hata kuisikia manake jirani aliuza kwa 100 mwaka juzi. Yeye anasubiri ushuke, wewe unasubiri apande, soko limelala.

Alafu bei za nyumba haziangukagi siku moja kama hisa. Kinachoanza kupungua ni idadi ya nyumba zinazouzwa, bei inakuja nyuma taratibu tena kwa shingo upande. Marekani bei zilifika kileleni 2006 na hazikugusa chini mpaka 2012. Kwa hiyo mtu akikwambia vumilia miezi miwili soko litaamka, muulize kaambiwa na nani.

Niuze kwanza ndo nihame, au nihame kwanza?

Soko likiwa zito, uza kwanza. Najua inakera, pengine itabidi upange sehemu kwa muda na kubeba makochi mara mbili. Mimi nilifanya kinyume, nikanunua kwanza nikiwa na uhakika kabisa kwamba ya zamani itaondoka ndani ya wiki sita, na huo uhakika sijui niliutoa wapi.

Kuna njia ya katikati ambayo wengi hawaiulizii kwa kuona aibu. Unapokubaliana na anayekuuzia nyumba mpya, mwambie wakili aingize kipengele kwamba utanunua kwa sharti ya kwako kuuzika kwanza. Wakati soko limechangamka watakucheka, ila likiwa limelala anayekuuzia naye ana shida kama yako, mara nyingi anakubali au angalau anakuongezea muda wa kukamilisha malipo. Mkopo wa muda mfupi wa kuziba pengo upo pia, lakini riba yake huwa juu na una tarehe ya mwisho, na tarehe ya mwisho ndo kitu usichokitaka ukiwa na nyumba isiyouzika.

Nyumba haiozi. Kuna shida gani nikiiacha tu mpaka apatikane anayelipa bei yangu?

Inakula kila mwezi, tatizo inakula kimyakimya. Kaa chini na karatasi uandike: riba ya mkopo (ile sehemu ya marejesho inayopunguza deni usiihesabu, hiyo unajilipa mwenyewe), kodi ya jengo, bima, umeme na maji ya kiwango cha chini, mlinzi au mtu wa kuangalia, kufyeka nyasi, nauli zako za kwenda na kurudi, na vitu vidogo vinavyoharibika kwa sababu hakuna mtu ndani. Tuseme jumla inakuja 0.8 kwa mwezi.

Sasa mwezi wa kwanza kaja mtu na 94. Umekataa. Miezi 9 baadaye kaja mwingine na 97, ukafurahi, ukamwambia kila mtu unaona nilivyovumilia. Toa 7.2 iliyoliwa katikati, umebaki na 89.8. Umevumilia ukajipunguzia 4.2. Na hapo sijaweka zile jumamosi za kufagia.

Hii hesabu mimi niliifanya mwezi wa saba, usiku, na nilikaa muda mrefu nikiangalia ile karatasi. Ukianza leo kuuza, ifanye leo. Ukijua mwezi mmoja unakugharimu kiasi gani, ofa yoyote utakayoletewa utaisoma kwa macho mengine.

Basi nishushe bei lini na kwa kiasi gani?

Usishushe kabla hujajua tatizo ni nini. Hapa ndo pesa nyingi inapotelea.

Tangazo linapata macho mengi wiki za mwanzo, manake wote waliokuwa wanasubiri nyumba mpya sokoni wanaliona kwa pamoja. Angalia wanakwamia wapi. Wanaona tangazo ila hawapigi simu? Hapo ni bei au picha, na picha unarekebisha bure: fungua mapazia, ondoa ndoo bafuni, piga mchana, simu ishike kwa ulalo. Wanapiga simu, wanakuja, wanazunguka, wanaaga kwa heshima na hawarudi? Hapo kuna kitu ndani ya nyumba ambacho wewe umeshakizoea hukioni tena. Wanatoa ofa alafu inafia njiani? Angalia karatasi: jina kwenye hati halifanani na kitambulisho, mirathi haijakamilika, chumba kiliongezwa bila kibali, au mthamini wa benki kasema nyumba ni 88 wakati mmekubaliana 95, na benki inakopesha kwa kufuata ya mthamini.

Kama kweli ni bei, shusha mara moja kwa kiasi kinachoonekana. Wanaoshusha 1% kila wiki mbili wanawafundisha wanunuzi kusubiri, na mnunuzi anajifunza haraka sana kwa kitu kama hicho. Kumbuka pia watu mtandaoni wanatafuta kwa kuweka kikomo, anayetafuta "mpaka 100" haioni kabisa nyumba ya 101. Ile 1 unayong'ang'ania inakuficha kwa kundi zima la watu wenye hela.

Na ile bei uliyonunulia isahau. Ni ngumu, najua. Miaka ya 1990 soko la apatimenti katikati ya Boston liliporomoka na watafiti wawili wakalichambua baadaye, wakakuta waliokuwa hatarini kuuza chini ya bei waliyonunulia waliweka bei za juu kuliko wenzao wenye apatimenti za aina hiyo hiyo, na wakakaa sokoni muda mrefu zaidi. Mnunuzi hajui ulinunua kwa ngapi, na akijua hatakuongezea kwa huruma.

Kuna mtu kaleta ofa ya matusi, nimjibu au nimpotezee?

Mjibu. Mtu aliyetoa ofa ya 75 ametoka nyumbani kwake, kaja, kaangalia, kafanya hesabu, huyo yuko mbali kuliko mia waliobonyeza tangazo. Mrudishie namba yako kwa upole na umuulize ana hela mkononi au mkopo, na anaweza kukamilisha lini. Mtu wa 92 mwenye hela mkononi na wiki nne mimi namchukua mbele ya mtu wa 96 anayesema benki watanijibu.

Ya zamani niiache na fanicha au niitoe kila kitu?

Ukiweza acha kiasi: meza, kitanda kimoja, pazia, taa. Chumba kitupu kinaonekana kidogo, na kila mkwaruzo wa ukutani unakuwa ndo mapambo. Ila ngoja nikwambie kitu kuhusu nyumba kukaa bila mtu ambacho hakuna aliyeniambia.

Mwezi wa tatu alikuja mama mmoja na mumewe, wakapenda sebule, wakapenda jiko, tulipofika mlango wa bafu yule mama akasimama. Akavuta pumzi kidogo. Akaniuliza kwa adabu zote, "Kuna mtaro wa maji machafu hapa karibu?" Nikasema hapana. Wakaondoka. Wiki hiyo hiyo nikashusha bei, manake niliona bei ndo imewakimbiza. Wakaja wengine wawili, na wao mguu wao ukaishia pale pale mlangoni pa bafu, nikashusha tena.

Kumbe ni lile bomba lililopinda kama herufi U chini ya sinki na kwenye tundu la sakafu la kuogea. Pale huwa panabaki maji, na hayo maji ndo kizibo kinachozuia harufu ya mfereji isipande ndani. Nyumba isipotumika maji yanakauka taratibu, kizibo kinaisha, harufu inaingia. Fundi alimwaga kikombe kimoja cha maji kwenye kila tundu na harufu ikaisha siku ile ile. Mara mbili nimeshusha bei kwa ajili ya kikombe cha maji!

Kwa hiyo kila wiki mbili mwaga maji kwenye kila tundu, vuta vyoo vyote, na juu yake unaweza kuweka mafuta ya kupikia kidogo ili maji yasikauke haraka. Fungua mabomba yatiririke dakika chache, maji yaliyolala muda mrefu kwenye mabomba yanaweza kuota bakteria. Fungua madirisha. Na soma mkataba wako wa bima usiku wa leo, sio kesho, kwa sababu mikataba mingi inapunguza au kusitisha fidia nyumba ikikaa wazi siku 30 au 60 mfululizo. Wapigie, waambie ukweli kwamba haina mtu, waulize wanataka nini.

Nikarabati kwanza ndo niuze?

Rangi, balbu, bawaba inayolia, bomba linalodondosha, vioo kufutwa. Basi. Jiko jipya usiweke, utaweka la rangi ambayo mnunuzi ataling'oa.

Kwa nini nisipangishe tu mpaka soko lirudi?

Inawezekana, ila uingie ukijua umeanza biashara nyingine. Piga hesabu na mwezi mmoja mtupu kila mwaka, huo peke yake ni zaidi ya 8% ya kodi ya mwaka imeondoka, ongeza matengenezo, ongeza kodi ya mapato, ongeza simu za saa nne usiku kwamba choo kimeziba. Kinachobaki kikifunika riba ya mkopo, sawa. Kisipofunika unamlipia mpangaji akae kwako.

Angalia pia mkataba wa mkopo wenyewe, benki nyingi zinataka uwaombe ruhusa kabla ya kupangisha nyumba uliyokopea kuishi. Na fikiria siku ya kuuza: mnunuzi anayetaka kuhamia hatapenda kukuta kuna mtu mwenye mkataba wa mwaka mzima, kwa hiyo andika mapema kwenye mkataba jinsi ya kuonyesha nyumba na notisi itakuwa ya muda gani. Ndugu au rafiki akisema nitakaa nikutunzie, naye mwandikie karatasi. Hasa huyo.

Dalali wangu hapokei simu.

Wa kwangu naye alikuwa hivyo, alianza kwa kunipigia mara mbili kwa siku na akaishia kunijibu kwa kidole gumba. Nilichojifunza ni kuuliza maswali yenye namba. "Vipi, kuna mtu?" unajibiwa "tunapambana." Uliza wangapi wamepiga wiki hii, wangapi wamekuja, kila mmoja kasema nini alipotoka. Asipokuwa na majibu mara tatu mfululizo, hapambani. Usisaini mkataba wa dalali mmoja tu kwa mwaka mzima, miezi mitatu inatosha kumjua mtu.

Mnunuzi anaomba aingie akae huku anamalizia kulipa. Anaonekana mtu mzuri.

Atakuwa mtu mzuri kweli, lakini hapana. Akiingia, haraka yake imeisha na yako imeanza. Kumtoa mtu aliyeshalipa nusu na kuweka makochi ndani ni kazi ya wakili na miaka. Kama lazima kabisa, iwe kwa mkataba wa upangaji wenye kodi, tofauti na ule wa mauziano, na hati isitoke mkononi.

Hiyo nyumba mpya niliyonunua, bei za eneo zima zimeshuka. Nimeliwa?

Ukiwa unaishi humo na marejesho yanalipika, hujaliwa, una namba mbaya kwenye karatasi tu. Inayouma ni mambo mawili yakikutana: nyumba ina thamani ndogo kuliko deni, na wewe unalazimika kuuza, labda kazi imeondoka au ndoa imevunjika. Moja peke yake linavumilika. Kwa hiyo kinga yako ni akiba ya marejesho ya miezi kadhaa, ili usije ukalazimishwa kuuza wakati mbaya, na ukiona mambo yanakaza nenda benki kabla hujakosa mwezi wa kwanza, wanakuwa wepesi kuongea na mtu ambaye bado analipa.

Tena kama ulitoka nyumba ndogo kwenda kubwa, kushuka kumekusaidia. Soko likishuka 10%, nyumba yako ya 100 umeiuza 90, umelia. Ila ile ya 150 umeinunua 135. Umepoteza 10 ukapata 15. Wanaoumia ni wanaohama kutoka kubwa kwenda ndogo, hao pole zao nawapa kwa dhati.

Wiki ya kwanza nyumba mpya nianze na nini? Nimechoka hata boksi sijui lipi ni lipi.

Kitasa. Hujui funguo za nyumba hiyo ziko mifukoni mwa watu wangapi, mafundi, wapangaji wa zamani, binamu. Mara nyingi huhitaji mlango wala kitasa kizima, unabadilisha ile silinda ya kati tu.

Alafu tafuta koki kuu ya maji na uifunge mpaka mwisho ukiwa mkavu na umetulia, manake siku bomba likipasuka si siku ya kugundua kwamba imeganda kwa kutu. Ukimaliza fungua, funga mabomba yote ya ndani, nenda kwenye mita uangalie kile kigurudumu kidogo. Kikizunguka wakati hakuna anayetumia maji, kuna sehemu yanavuja. Mimi cha kwangu kilikuwa kinazunguka polepole sana, kama mtu anayesinzia, na ilikuwa choo cha wageni kinapitisha. Ukihisi choo, weka rangi ya chakula kidogo kwenye tangi lake na usivute kwa nusu saa. Rangi ikitokea kwenye bakuli, mpira wa ndani umechoka.

Umeme: zima breka moja moja na uandike ipi inazima chumba gani. Mnaenda wawili, mmoja anapiga kelele "imezimaaa". Maboksi yanaweza kusubiri, fungua la mashuka, la chaja na la sufuria.

Nyumba ni mpya kabisa na ukuta umeanza kupata nyufa. Nimeuziwa kimeo?

Nyufa nyembamba kama unywele kwenye plasta ni kawaida, simenti na plasta vinasinyaa vikikauka na nyumba mpya inachukua miezi mingi kukauka vizuri. Ndo maana usisukume kabati likagusa ukuta wa nje, acha nafasi hewa ipite, la sivyo utakuta ukungu nyuma yake. Chukua penseli, weka alama pale ufa unapoishia na uandike tarehe. Rudi baada ya mwezi. Ukiwa haujapita alama, ziba upake rangi. Ukiwa umepita, au unaingia kidole, au unapanda kwa ngazi ngazi kufuata matofali, au milango imeanza kugoma kufunga, ita mhandisi wa majengo. Fundi rangi hapana, yeye ataufunika tu vizuri.

Mbona silali? Nyumba ndo hii niliyoitaka miaka yote.

Ubongo haujakubali bado. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Brown uliotoka 2016 ulionyesha kwamba usiku wa kwanza sehemu ngeni upande mmoja wa ubongo unalala juujuu, kama umeachwa zamu. Ukiongeza na mawazo ya nyumba nyingine isiyouzika ndo kabisa. Panga chumba cha kulala kabla ya sebule, tandika mashuka yale yale ya zamani, na vitu vya mtoto viweke vilivyokuwa kule. Na usiache kuishi eti mpaka ile iuzike, mimi picha sikutundika miezi minane nikisema tusubiri tuone, tukawa tunakaa kwetu kama wageni.

Hatimaye imeuzika! Siku ya kukabidhi nifanye nini?

Hela iwe imeingia kwenye akaunti ndo funguo zitoke, picha ya risiti ya benki kwenye simu ya mtu si hela. Pitieni nyumba pamoja, pigeni picha mita ya maji na ya umeme mkiwa wote wawili, hesabuni funguo na muandike idadi. Hamisha bili zote zitoke jina lako siku hiyo hiyo. Mjulishe bima. Nilimwonyesha yule kaka koki kuu ilipo na nikamwambia ya yale matundu ya bafuni akisafiri, akacheka, akaniuliza kama huwa nawaambia hivyo wanunuzi wote.